Jibu Moja Langoni

Nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa ustawi wa akina mama, watu wa miteremko ya juu ya Embu walikuwa wameshatolewa mashambani mwao na kufungiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari. Kila kijiji kilikuwa na handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, lango moja, na mnara wa homgadi, yaani Waafrika walioshika bunduki kwa niaba ya serikali ya kikoloni. Mimi nilikuwa msichana wa Meru, mtoto wa misheni, na nilikuwa sijawahi kulala mbali na kwetu.

Kazi tulifunzwa na mama mmoja Mzungu, mtu wa subira na maneno machache. Alitufundisha kuosha vidonda na kupika uji wa watoto, lakini jambo alilolirudia kila asubuhi lilikuwa la kukaa na mtu mwenye huzuni.

“Usimtangulie,” alisema. “Anzia pale alipo yeye. Na akikuambia la moyoni, hilo ni lake. Si lako kulibeba kwenda nalo kwingine.”

Siku moja alasiri akaja ofisa wa kambi za kizuizini akatufundisha kinyume chake. Alisema kiapo cha watu wa msituni, wale waliopigana na serikali, ni ugonjwa wa akili, na dawa yake ni kukiri. Aliyekiri ametapika sumu. Asiyekiri bado ni mgonjwa, na lazima atengwe na wengine. Alizungumza taratibu kama daktari, na mama yule wa Kizungu alimsikiliza huku akitazama nje ya dirisha. Hakumpinga. Niliondoka na mafunzo yote mawili kichwani, bila kujua kwamba siku moja yangegombania mtu mmoja.

Mtu huyo nilionyeshwa na hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, juma nililofika. Hedimani alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, ambaye kaka yake alikuwa ameuawa na watu wa msituni. Nadhani hakuwa na usingizi tangu siku ile. Alinipeleka hadi mlangoni mwa kibanda kimoja karibu na handaki.

“Mwalimu,” alisema, kwa maana wote waliniita hivyo, “huyu hasemi. Ana ulimi, ana masikio, lakini hasemi. Mume wake yuko kizuizini. Mimi najua ni kiapo kimemfunga mdomo. Wewe umesomea mambo haya. Mfungue kabla Bwana DO wa tarafa yetu hajaja kwa baraza, la sivyo ataenda kambi ya wanawake, na hawa wasichana wake wawili sijui watalelewa na nani.”

Ndani alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, akisokota nyuzi za mkonge pajani. Alizaliwa huko chini upande wa Gachoka, kwenye ukame, akaolewa huku juu kwenye mvua. Hakuniangalia. Binti zake, mmoja wa kutosha kubeba mtungi na mwingine mdogo, walikuwa wamezoea kumsemea. “Mama anasema ukae,” alisema yule mkubwa, ingawa mama hakuwa amesema kitu.

Niliketi. Sikumuuliza lolote. Nilichukua mkonge nikaanza kusokota vibaya, maana kwetu nilijifunza kushona kwa sindano, si kusuka vikapu vya ciondo. Baada ya muda aliunyoosha mkono wake, akaufumua uzi wangu na kuusokota upya. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Nikawa naenda kila alasiri wanawake waliporudi kutoka kuchimba barabara. Hedimani alikuwa akipita mlangoni, akisimama, akisikiliza. Mimi niliogopa hatua zake kuliko alivyoziogopa mwenyeji wangu. Nikimwona tu, nilianza kuongea ovyo juu ya kunde na mvua na jinsi Kimeru changu kinavyowachekesha watu wa huku, ili asikie sauti na aendelee na safari yake. Yeye alikuwa hachekeshwi. “Bado?” angeniuliza kisimani, mbele ya watu. Nami ningejibu, “Bado, mzee.”

Siku alipozungumza hatimaye, mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa kwa nguvu, na nadhani ndiyo iliyompa ujasiri. Alianza bila kuinua macho.

“Shemeji yangu alikuwa anakuja kunisaidia kubeba nguzo za nyumba hii.”

Nilihisi nikipumua tu atarudi alikotoka.

“Tulikuwa tumesimama langoni, ndiyo siku ya kuhamia. Homgadi akaona mtu anapanda kilima. Akaniuliza, ‘Nani yule anakuja?’ Nikamjibu, ‘Ni ndugu ya mume wangu.’ Hivyo tu. Sikujua jina la nyumba yetu lilikuwa limetajwa kuwa la watu wa msituni. Walimpiga risasi akiwa na kamba za kufungia nguzo begani.” Akaendelea kusokota. “Mdomo wangu ndio uliomwonyesha. Sasa nimeufunga.”

Nilitaka kumwambia haikuwa kosa lake. Maneno hayo yalikuwa mdomoni tayari. Lakini nilikumbuka niliambiwa nisimtangulie, na pale alipokuwa yeye, kosa lilikuwa lake. Nikamuuliza tu shemeji alikuwa mtu wa namna gani. Akanieleza alivyopenda kuwatania watoto, alivyokuwa akiogopa mbuzi dume. Alilia hadi mvua ikaisha, na binti mkubwa alipoingia na kuni, mama yake alimwita kwa jina, naye binti akaziangusha zote chini.

Baada ya hapo hatari iliongezeka badala ya kupungua, maana habari kwamba amesema ilienea kijijini. Mama yule wa Kizungu alikuja kutukagua, akanichukua pembeni nyuma ya gari lake.

“Nasikia amesema,” aliniambia kwa Kiingereza. “Amesema nini?”

“Amenieleza huzuni yake, memsabu.”

“Hedimani anataka kujua. DO pia. Ukiniambia mimi, naweza kumsaidia.”

Nilimtazama usoni nikaona hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na wakubwa wake. “Ulitufundisha kwamba ni lake,” nilisema. Alifunga mlango wa gari, akasema, “Ndiyo. Nilifundisha hivyo.” Akaenda zake. Sikujua kama amenilinda au ameniacha.

Nilimwambia yule mwanamke ukweli wote: kwamba wameshajua anasema, na barazani ataulizwa. Nikampa njia ya kukaa kimya kama angependa. Ningesema bado ni mgonjwa.

“Nikinyamaza watasema ni kiapo,” alisema. “Nikisema, watataka niseme ya kwao.”

“Basi utafanyaje, mama?”

“Nitasema yangu.”

Siku ya baraza tuliketishwa uwanjani chini ya mnara, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. DO alikuwa kijana wa Kizungu mwenye uso uliounguzwa na jua, ameketi mezani na karani wa kijiji akiwa mkalimani wake. Yule mwanamke alipoitwa alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema kwa Kiembu kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

“Mliniuliza nani anakuja, nikawajibu. Hakuwa na silaha. Alikuja kunijengea, kwa sababu ninyi mliniamuru kujenga. Mkamuua. Sina kingine ndani yangu.”

Wanawake wote waliinamisha vichwa. Hedimani alikuwa anatazama mikono yake.

“Yeye nasema nini?” DO aliuliza kwa Kiswahili chake kibovu.

Karani akasimama wima. “Anasema alikuwa na ndugu gaidi, Bwana, na sasa anajuta.”

Sidhani niliamua. Nilijikuta nimesimama. Nilisema kwa Kiingereza cha misheni kwamba hivyo sivyo alivyosema, nikatafsiri neno kwa neno, nikaishia kwenye zile kamba za nguzo ambazo yeye hakuzitaja, kisha nikashtuka kwamba nimetoa la moyoni mwake mbele ya watu. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kimeru changu kwamba nimezitaja kamba. Akaitikia kwa kichwa kuniruhusu.

DO alimwuliza hedimani kama ni kweli. Homgadi mmoja alihamisha bunduki begani, na nilisikia chuma kikigonga kifungo. Hedimani aliinua macho kutoka mikononi mwake.

“Alikuwa na kamba,” alisema. “Mimi nilikuwepo.”

DO akamwamuru mwanamke aketi, akaita mtu mwingine. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo kile, wala hakuna aliyeomba msamaha. Lakini yule mwanamke hakupelekwa kambini. Mimi ndiye niliyehamishwa. Nilirudishwa Meru bila maelezo, nikapangishiwa chumba mtaa wa Majengo na kupewa kazi ya kupima uzito wa watoto zahanati, ambako kwa miezi mingi kila gari lililosimama nje lilinifanya nikimbilie dirishani.

Baada ya Uhuru nilisomea kazi hii ya ustawi wa jamii sawasawa. Nilikuta vitabuni majina ya vitu vingi: tiba ya mazungumzo, siri ya mteja, mtu na mazingira yake. Walimu wetu walibishana kipi kinaponya, kusema au kusikilizwa. Mimi nilikuwa nikiuliza swali moja lililowaudhi: je, anayekuomba useme ana bunduki au hana? Naliuliza hata leo, nikiwafundisha vijana.

Nilimtembelea yule mwanamke mara moja, vijiji vilipokwisha kuvunjwa na yeye kurudi shambani. Mumewe alikuwa amerudi, amekonda, anachunga mbuzi. Binti mkubwa aliniambia kando kwamba mama yake husema vizuri siku nyingi, ila kuna majira hunyamaza tena, nao humwacha asokote mpaka arudi mwenyewe. Hakuna aliyewafundisha hivyo.

Alinipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na kunde. Tulikula nje, akaniuliza habari za mama yangu, akalalamika kwamba mkonge wa siku hizi haudumu. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, tukasimama tukingojea basi, tukizungumza juu ya mvua iliyokuwa imechelewa.