Aliyepanda Basi Letu Kuja Kutuzomea

Jumamosi tulikodi basi pale Rosettenville, Johannesburg, Watanzania watupu, twende tukaishangilie timu ya Dar iliyokuja kucheza na wenyeji. Kabla hatujaondoka akapanda fundi cherehani mmoja wa Tanga, kavaa jezi ya wenyeji, vuvuzela kwapani.

"Kaka, umekosea basi."

"Sijakosea. Mimi nashabikia watani zenu wa kule Dar. Nakuja kuwazomea."

"Si ukakae na wenyeji?"

Akacheka. "Nikikaa kule, nani ataelewa ninavyowachamba?"

Mnatujua. Hata kule nyumbani, timu ya mtani ikicheza na wageni, tunashangilia wageni. Tukampisha kiti.

Uwanjani alikaa katikati yetu. Wenyeji walipofunga, alitupulizia vuvuzela sikioni mmoja mmoja, kama daktari anayepita wodini.

Ndipo shabiki mmoja wa wenyeji, jukwaa la jirani, alipotunyooshea kidole: "Makwerekwere, rudini kwenu!"

Neno hilo la kuwadharau Waafrika wa kigeni, hapa Joburg, halina utani ndani yake.

Fundi akasimama na jezi yake ileile, akamjibu kwa Kizulu cha sokoni: "Eish, hawa ni wangu. Kama ni kuzomewa, nawazomea mwenyewe."

Yule mtu akaitazama jezi, akatutazama sisi, akakaa.

Miaka yote niliyoishi mji huu sijawahi kutetewa vizuri namna ile, tena na mtu aliyelipa nauli kuja kunikera. Nikanyanyuka nimkumbatie. Hakunipa nafasi. Alishageuka, anapangusa mdomo wa vuvuzela.

"Haya, tuliishia wapi? Bao moja, nyie sifuri."