Majina ya Wahunzi wa Bibi

Kemilembe alipokuja kukaa kwetu Bugene, harufu ya samli ilikuja naye na haikuondoka tena. Ilikuwa kwenye nguo zake, kwenye nywele zake, hata kwenye mkeka tuliolalia pamoja. Baba yake alikuwa mfugaji wa Igurwa, rafiki wa baba yangu tangu walipobatizwa siku moja, na alimleta kwetu miaka ile ya hamsini ili asome shule ya misheni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye kumi. Wiki ya kwanza nilimpenda. Nilimwonyesha njia ya kisimani, nikamfundisha kumenya ndizi bila kuchafuka utomvu, maana kwao waliishi na ng'ombe, sisi na migomba na mibuni.

Kisha akaanza kumuuliza Bibi maswali. Bibi, mama yake baba, alizaliwa katika ukoo wa wahunzi, lakini mimi nilimjua kama mtu wa kunituma kuni na kunikemea. Kemilembe alikuwa akiketi karibu naye wakichambua maharage, akauliza kwa Kinyambo chenye lafudhi ya wafugaji, "Bibi, baba yako alifua nini?" Na Bibi, ambaye hakuwa na maneno mengi, akafunguka. Akaeleza jinsi mivukuto ya ngozi ilivyohema, kwa nini mwanamke hakukaribia tanuru siku ya kuyeyusha chuma, kwa nini watu wa ukoo wake hawakugusa nyama ya pongo. Akamfundisha na majina ya wahunzi, baba kwa mwana, vizazi tisa. Niliyasikia hayo nikiwa jikoni, moshi machoni, roho ikiniuma. Bibi alikuwa wangu. Damu ile ilikuwa yangu. Huyu mgeni alikuwa na ukoo wake na ng'ombe wake. Alitaka nini kwetu?

Ikaja habari kwamba kaka yake Bibi atatutembelea kutoka Songambele, na Bibi akataka Kemilembe amtajie majina yale, mzee aone hayajapotea. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa kisimani, Kemilembe akikariri, akakwama.

"Baada ya Rwegasira anakuja nani?"

"Kasindi," nikamjibu.

"Una hakika?"

"Bibi ni wangu. Nitakosaje kujua?"

Kasindi alikuwa mbwa wa yule mzee. Nilimwona mwaka uliotangulia, baba aliponipeleka Songambele.

Mzee alifika, tukapiga magoti kumsalimu, akapewa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Kemilembe akasimama, akataja majina kwa sauti safi. Alipofika kwa Kasindi, mzee alishusha kibuyu. "Dada," alimwambia Bibi, "unawafundisha watoto kwamba mbwa wangu ndiye babu yetu?" Watu wakacheka, wengine hadi machozi. Bibi hakucheka. Alitazama chini kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Kemilembe alinitazama mara moja tu, kisha akasema, "Nimekosea, Babu. Naomba unisamehe." Mzee aliondoka bila kumaliza pombe yake.

Jioni Bibi alinifuata jikoni. "Katika watoto wa nyumba hii, mbwa yule umemwona wewe tu."

Nikalia. "Kwa nini hukunifundisha mimi?"

"Nilikuwa hapa siku zote. Uliniuliza lini? Kesho utaketi, na Kemilembe atakufundisha."

Hakuna adhabu iliyonichoma kama hiyo, kupokea majina ya babu zangu kutoka kinywa cha mtoto wa watu. Kemilembe alinifundisha kwa upole, bila kutaja kisima, na upole huo ukanizidishia hasira. Siku ya tatu nilinyanyuka nikaenda zangu. Bibi hakuniita tena. Mvua za mwaka uliofuata zilipokoma, tulimzika.

Siku hizi walimu huwatuma watoto kuwauliza wazee asili yao, jambo ambalo sisi hatukuagizwa na mtu yeyote. Mjukuu wangu alipokuja na daftari lake, nilimpakia kwenye bodaboda akaenda kwa Kemilembe, aliyeolewa hapa hapa Bugene na bado ana akili timamu. Alirudi kurasa zimejaa, uso unang'aa.

"Bibi, yule anaujua ukoo wetu kuliko wewe!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Anaujua." Halafu nikatoka nje, nikajitia kuchuma kahawa ambayo ilikuwa bado mbichi.