"Tutaelewana," na Hati Yangu Ikaondoka

Naanza na upumbavu wangu mwenyewe, maana majirani wameshausimulia mno na nikiuficha nitaongeza uongo juu ya ujinga. Nilimkabidhi mtu hati halisi ya kiwanja changu. Nilipomuuliza malipo yake yatakuwa kiasi gani, akasema, "Hilo tutaelewana, mama." Na mimi, mwanamke mzima niliyemaliza kidato cha nne, nikajibu, "Basi tutaelewana." Hatukuandikiana wala kutaja hata shilingi. Nikamwongezea chai.

Alikuwa kijana, dalali wa mikopo. Hapa Same wa viwanja wapo, wa magari wapo, na siku hizi wapo na hawa wanaokutembelea nyumbani kukuambia benki inakupenda ila haijakufahamu. Mimi nilikuwa na nyumba iliyokwama kwenye linta, juu tu ya madirisha, matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo kwa sababu saruji ilinishinda bei. Fundi alikuwa ameniambia wazi kwamba ule udongo katikati ya matofali ukinyeshewa bila bati juu utachuruzika, na ukuta utabaki umepangwa tu kama vyombo kabatini. Kwa hiyo nilitaka mkopo wa kumalizia, kiwanja na nyumba vikiwa dhamana, na nilitaka bati liwe juu kabla ya vuli.

Sasa utauliza kwa nini sikwenda benki mwenyewe. Benki iko hapa hapa mjini. Ukitoka kwangu unafika hata jasho halijakutoka. Lakini mimi ni mtu wa kukaa. Nashona sare za shule barazani kwangu, na dunia ninayoihitaji hupita yenyewe mbele ya cherehani: muuza mboga, watoto waliokua ghafla wakabana suruali, wamama wenye habari. Kwenda ofisini kunanitia kichefuchefu. Nikiona mtu nyuma ya kioo huwa nasahau hata jina langu. Kwa hiyo kijana yule aliposema, "Mama'angu, wewe kaa hapo hapo kwenye cherehani, mimi ndiyo miguu yako," nilimwona kama ametumwa na mbingu. Nikatoa hati chini ya godoro, nikamtilia kwenye mfuko wa nailoni ili isipigwe na vumbi.

Jirani yangu alikuwepo siku hiyo. Ni mama aliyetokea kijiji cha Maore, anauza mchele sokoni karibu na stendi, na alikuja kuchukua sketi ya bintiye. Kijana alipoondoka, akaniuliza, "Umempa hati au kopi?"

"Hati. Kopi atatoa yeye."

"Na yeye amekupa nini?"

Nikamwambia amenipa matumaini. Akachukua sketi yake, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo nilijifunza kwamba miguu yangu mipya haikuwa na simu inayoshika. Nikipiga, haipatikani. Ikipatikana, yuko njiani. Nikimuuliza njia ya wapi, yuko Moshi, faili limepanda mkoani, mtandao uko chini, bosi yuko kwenye semina. Niliwahi kumuuliza mtandao unaposhuka huwa unashukia wapi, akacheka sana, akasema mama wewe una vituko, kisha akakata. Siku moja nilikuwa namsimulia jirani kwamba kijana wa watu anahangaika Moshi kwa ajili yangu.

"Moshi gani?" akasema. "Nimetoka kumwacha stendi sasa hivi anacheza drafti. Tena anashindwa."

Nilikasirika, lakini hasira ya mtu wa kukaa huishia kwenye kitambaa. Siku hiyo nilishona mfuko wa shati la mtoto wa watu kichwa chini. Nikafumua, nikashona upya, nikaendelea kusubiri. Huo ndio ukweli. Nilisubiri hadi gari linaloshuka kutoka Vudee, kwetu nilikozaliwa, lilipoanza kufika mjini na tope kwenye matairi. Huku chini bado tunakula vumbi na upepo, lakini mtu wa Same akiona tairi za gari la mlimani zina tope anajua mvua iko njiani inakuja. Asubuhi yake nikavaa nguo za kanisani nikaenda benki.

Dada wa mikopo alinipokea vizuri, hata jina langu nililikumbuka. Akatafuta kwenye kompyuta yake, akanyanyua macho.

"Mama, maombi yako tuliyarudisha siku nyingi. Hukuambiwa?"

"Yalirudishwa kwa nani?"

"Kwa yule kijana wako. Hayakuwa na sahihi, kopi za hati zilikuwa nyeusi tititi, hazisomeki, moja hii hapa ilibaki kwetu, chukua. Na hapa kwenye jinsia imejazwa mwanaume."

Nikamuuliza kama benki ilikuwa tayari kumkopesha huyo mwanaume, labda anioe. Alicheka, lakini mimi nilikuwa karibu kulia. Miezi yote ile nilikuwa nashona na kupanga rangi ya bati, kumbe faili langu halijatoka hata nje ya mji. Lilikuwa kwenye begi la mtu anayecheza drafti.

Nikaanza upya kwa miguu yangu halisi. Nikasaini mimi, barua ya serikali ya mtaa nikaifuata mimi, kopi safi ya hati nikaiomba mimi ofisi ya ardhi, mthamini nikampeleka mimi kwenye kiwanja, nikamshikia na ncha moja ya futi kamba huku upepo ukitaka kunivua kitambaa cha kichwani. Halikuwa jambo la kutisha hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwisho dada wa mikopo akanipigia: mkopo umekubaliwa, nilete hati halisi tu, wanisainishe.

Hati halisi ilikuwa kwa dalali. Nilipompigia kwa namba ya jirani, ikashika mara moja.

"Hongera sana mama'angu!" akasema, kama vile yeye ndiye aliyeukubali. "Nimesikia umepita. Sasa tumalizane ile yangu, asilimia kumi."

"Asilimia kumi ya nini?"

"Ya mkopo. Si tulisema tutaelewana? Ndiyo tunaelewana sasa."

Nililiwaza sana neno lile. Nimelitumia maisha yangu yote. Nalisema kwa anayenikatia kuni, kwa fundi wa cherehani, kwa kijana anayeniletea maji, na maana yake inajulikana: fanya kazi, nikiridhika nitakupa cha haki, na usiponiridhisha utapata nauli na macho makavu. Kumbe kuna watu ambao kwao maana yake ni ngoja kwanza nikushike pabaya. Neno ni moja, tumelisema wote siku moja, kwenye chai moja, na kila mmoja alikuwa anaongea lugha yake.

Alikuja barazani mara mbili kudai. "Shikamoo mama," kwa adabu zote, na mimi naitikia marahaba huku nikitamani kumtupia mkasi. Hati alisema iko salama. Kila nikimwambia sikuona kazi yake, anasema ushauri nao ni kazi, aliyenifungulia macho ni yeye. Hapo alikuwa na haki, alinifungua kweli.

Watu wa mikoa mingine hututania Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nilikuwa nakataa utani huo. Sasa nikajikuta nimefunga cherehani msimu wa sare, wateja wanaenda kwa fundi mwingine, mimi kutwa naingia na kutoka ofisi ya mtaa, mpaka mwenyekiti wa mtaa akatuita sote. Mtu wa kukaa nimekuwa mtu wa kuzurura kuliko dalali mwenyewe. Jirani nilimwomba aje kuwa shahidi. Akaja na kanga yake ya sokoni, punje za mchele bado zimemganda mikononi.

"Mlikubaliana malipo gani?" mwenyekiti akauliza.

"Tulikubaliana tutaelewana," nikasema.

"Ni kweli mzee," dalali akaunga mkono. "Tulikubaliana kabisa."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akamgeukia jirani. "Na wewe uliyekuwepo ulisikia nini?"

"Nilisikia hivyo hivyo. Na chai alikunywa vikombe viwili."

Dalali alikaa na mfuko wangu wa nailoni magotini. Niliutambua, na ndani niliiona hati yangu imekunjwa mara nne. Aliulizwa kazi aliyofanya, akataja Moshi. Jirani akakohoa. Dalali akaitoa Moshi kwenye hesabu. Tukaendelea hivyo, kitu kimoja kimoja, yeye anataja, mimi nabisha, mwenyekiti anafuta jasho. Asilimia kumi ikatupwa nje kwa sababu hakuna mtu anayeweza kudai fungu la mkopo alioshindwa kuufanikisha, na mwenyekiti akamwambia hati ya mtu si rehani ya kushikia madai ya "tutaelewana". Nilijisikia mrefu ghafla. Zikabaki nauli za bodaboda za kwenda benki ile mara moja, na hela ya kutoa kopi.

"Nauli nampa," nikasema. "Kopi sitoi."

"Mama, ni hela ndogo," mwenyekiti akasema.

"Udogo wake si hoja. Zile kopi zilikuwa nyeusi, benki ilizikataa, ndizo zilizonichelewesha. Nilipie giza?"

"Mashine ndiyo ilikuwa mbovu, mzee," dalali akajitetea. "Mimi nililipa hela taslimu. Hiyo hainitoki bure. Akinipa ya kopi, hati hii hapa." Akaupigapiga mfuko.

"Hapati."

"Basi na mimi sitoi."

Mwenyekiti akasema kama hatusikilizani hapo yeye amefika mwisho, itabidi tupande baraza la kata, na kata nayo ina foleni yake. Mbele yangu nikaiona kabisa kesi hiyo: nasimama, naonyesha ile kopi nyeusi, wazee wa baraza wanaishika kwenye mwanga, wanatikisa vichwa. Nilikuwa nimeshaipanga hotuba. Nilikuwa na haki, na haki hiyo ilikuwa tamu mdomoni kuliko kitu chochote nilichokula mwaka ule.

"Twende kata," nikasema.

Ndipo bati la ofisi ya mtaa likaanza kulia. Kwanza tone moja moja, zile kubwa za mwanzo zinazonuka vumbi, halafu yote kwa pamoja, hadi mwenyekiti akanyanyuka kufunga dirisha. Dalali aliukumbatia mfuko wake usilowe. Mimi nilikuwa nimenyoosha kidole, sijakishusha, nasubiri kelele ipungue ili nirudie neno langu.

Jirani yangu hakusubiri. Alinivuta mkono, akapaza sauti juu ya mvua mbele ya wote:

"Mwenzangu, ukuta wako unaoga huko nje, na wewe umekaa hapa unagombea hela ya kopi! Mpe akapotelee mbali, tukaezeke."