Kambini Wanahesabu

Kwa miezi mitatu kabla hajaenda jeshini, binti yangu alikimbia kila asubuhi kutoka kwetu Msamala, mjini Songea, kuelekea mlima Matogoro, nami nikimfuata kwa baiskeli. Mlima ulipoanza nilishuka na kuisukuma, yeye akaendelea mbele bila kugeuka. Watu waliokuwa wakienda sokoni walituona, na mimi nilipenda watuone: mwenye bucha na binti yake anayekwenda kuwa askari.

Wazo la jeshi lilikuwa langu. Mama yake hakulitaka. Alisema mtoto huyu ana hasira za kumtosha, tusimpeleke mahali pa kuongezewa nyingine. Nikamjibu kwamba huko hasira zake zitapata kazi.

Kupigana alianza mapema. Akiwa darasa la sita alimpasua kijana wa jirani kwa jiwe, juu ya jicho. Wazazi wake walimleta kwangu, damu ikiwa imelowanisha kola yote ya shati. Niliwaomba radhi, nikawasindikiza mpaka hospitali, kisha nikarudi nyumbani na kuchukua mpira wa tairi la baiskeli niliokuwa nikifungia mzigo wa nyama. Nilimpiga binti yangu mgongoni, miguuni, na mikononi alipojikinga. Alianguka karibu na mafiga, nikaendelea kumpiga akiwa chini. Mama yake alipoona siachi alimlalia, na mapigo mawili matatu yakampata yeye. Ndipo nikaacha. Mimi sinywi pombe, sikunywa siku ile wala nyingine, kwa hiyo sina cha kusingizia. Na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho.

Nilikuwa nikiyaita hayo malezi.

Kambi aliyopangiwa ilikuwa mbali, nje ya mkoa wetu. Nilimnunulia tranka la bati, mama yake akalijaza dagaa, karanga za kukaanga na sabuni. Makuruta walinyang'anywa simu siku ya kwanza, lakini Jumapili waliruhusiwa kupanga foleni na kupiga nyumbani dakika chache. Kila Jumapili mchana nilifunga bucha, tukakaa na simu katikati yetu.

Mwezi wa pili sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Mama yake alimbana kwa maswali mpaka akakiri kwamba kikosi chao kilichapwa fimbo kwa kuchelewa gwaride, na kwamba tangu juzi alikuwa akilala kifudifudi. Mke wangu alianza kulia. Nilichukua simu nikamwambia binti yangu avumilie, jeshi ndivyo lilivyo.

"Silalamiki, baba," alisema. "Mama ndiye aliyeuliza. Huku wanapiga, ila wanahesabu. Wakifika kumi wanaacha. Wewe ulikuwa huhesabu."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayeelekeza njia. Muda wake ukaisha. Mke wangu aliniangalia, kisha akanyanyuka kwenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa.

Wiki tatu baadaye afande mmoja alinipigia akitaka mzazi afike. Binti yangu alikuwa amemuumiza kuruta mwenzake. Nilidhani mke wangu atataka twende wote. Akasema, "Nenda mwenyewe. Hili ni lako."

Nilifika kambini kesho yake, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Mkuu wa mafunzo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Alinieleza kwamba kwenye foleni ya uji msichana mwingine alimpiga kikumbo binti yangu, uji ukamwagika, msichana akacheka. Binti yangu alimpiga mdomoni kwa bakuli la bati. Msichana alianguka. Hapo ndipo, afande alisema, ugomvi wa kawaida huisha. Lakini binti yangu alimkalia na kuendelea kumpiga, akamvunja mkono, na ilibidi makuruta wanne wamvute.

"Tunawafundisha kupiga na tunawafundisha kuacha," alisema. "Huyu wako kuacha hajui. Amejifunzia wapi?"

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, ya kumtetea.

"Kwangu," nilisema.

Hakushangaa. Alinyanyuka akanipeleka kwanza zahanati. Msichana alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji ngumu, midomo imevimba hadi imegeuka nje, meno mawili ya mbele hayapo. Alipoambiwa mimi ni nani alivuta shuka kifuani. Halafu, kwa mdomo ule ule, aliniamkia. Shikamoo yake ilitoka imechanika.

Binti yangu aliletwa ofisini na askari wawili. Kichwa kimenyolewa, vifundo vya vidole vimechubuka, magamba ya damu bado yapo. Afande hakutoka nje, naye hakutuharakisha. Nilimwambia binti yangu kwamba nilimpiga vibaya miaka yote ile na kwamba nilikosa. Alitazama ukuta. Nikaona nimesema nusu tu.

"Sikuwa nikiacha kwa sababu nikishaanza nilijisikia vizuri," nilimwambia.

Akageuka akanitazama.

"Najua," alisema. "Na mimi nilijisikia vizuri."

Ndipo akalia, na sikuwa nimemwona akilia tangu akiwa mdogo kabisa, hata siku ya mafigani hakulia. Sikumkumbatia. Niliogopa kwamba nikinyoosha mkono atajikinga.

Hawakumfukuza. Alifungiwa siku kadhaa, akaondolewa kwenye kozi ile na kurudishwa mwanzo na makuruta waliofuata. Yule msichana alipona, akahitimu kabla yake. Nilirudi Songea nikamweleza mke wangu kila kitu, hata lile nililokuwa na aibu nalo zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema alikuwa akiliona usoni mwangu kila mara. Kwa siku nyingi hatukuwa na la kuzungumza zaidi ya chumvi na maji ya kuoga.

Siku ya kula kiapo tulikwenda wote. Binti yangu alimkumbatia mama yake muda mrefu, mimi akaniamkia kwa heshima na kunipa mkono. Niliupokea.

Sasa ana miaka minne jeshini, na Jumapili bado anapiga simu, mama yake kwanza. Juzi aliniambia amepewa makuruta wa kufundisha. Nilimuuliza kama huwa anawachapa.

"Nampa mwenzangu fimbo, baba," alisema. "Mimi nasimama mbali."