Panda, Mwalimu, Nikusogeze

Ifakara nzima inamheshimu mume wangu, na heshima hiyo ndiyo iliyomlaza. Nasema hivi na wala simwombi mtu radhi.

Alifundisha shule za msingi za hapa mjini tangu ana nywele nyeusi mpaka alipostaafu na upara. Nusu ya vijana wanaoendesha bodaboda walijifunza kusoma kwake, wengine kwa fimbo yake. Alipostaafu, akakaa. Asubuhi supu ya makongoro na chapati, mchana wali wa nazi, jioni nyama ya kitimoto na wastaafu wenzake. Kitambi kikamtoka, akawa anakipapasa kama mtu anavyopapasa gunia la mpunga alioulima mwenyewe. Watu wakamwambia, "Mwalimu, pensheni imekukubali!" Akacheka kwa raha zote.

Kisha akaanza kuhema kwa kufunga kamba za viatu tu. Nikamburuta hospitali. Daktari akatueleza kwamba mafuta mabaya yamezidi kwenye damu, hiyo kolesteroli inayosemwa redioni, na mishipa inaanza kuziba. Moyo uko hatarini na ubongo uko hatarini. Tuanze na chakula na mazoezi, akasema, kisha tutapima tena tuone kama dawa zinahitajika. Apunguze nyama nona, nazi na vya kukaanga, ale maharage, mboga na samaki, na kila siku atembee mpaka jasho limtoke.

Tulipotoka getini mume wangu alinishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele za watu tangu tuoane. Akasema, "Mama, mimi siogopi kufa. Naogopa kukuacha peke yako na ndugu zangu."

Nikaanza kumpikia chukuchuku. Perege wa nyanya na limau, bila tone la mafuta. Maharage bila nazi. Matembele ya kuchemsha. Wali nikampakulia kidogo, na kumpunguzia Mndamba kama yeye wali ni kama kumpunguzia pumzi. Akinuna, "Hiki ni chakula cha mgonjwa," namjibu, "Kwani wewe ni nani?" Anakula.

Kazi ikawa kwenye kutembea. Kila asubuhi namtoa aende hadi daraja la Lumemo na kurudi. Anarudi mapema mno, shati kavu. Nikajisemea, huyu mzee ni mwepesi kuliko nilivyodhani! Mpaka siku moja niko kwa muuza mchicha, naona bodaboda inapita, na nyuma yake amekaa nani? Mume wangu, kakunja mikono, anaenda mazoezini. Na akanipungia mkono!

Hapa kwetu mtu mzima wa heshima akionekana anatembea kwa miguu, mwenye chombo lazima asimame. "Shikamoo mwalimu! Kulikoni unatembea? Panda, nikusogeze." Asiyesimama hana adabu. Na anayekataa kusogezwa anaringa, au ana jambo analoficha. Basi walikuwa wanamsogeza kwenda na kumsogeza kurudi, bure kabisa, wanafunzi wake.

"Waambie una mafuta kwenye damu," nikamwambia jioni ile.

"Niwatangazie ugonjwa? Kesho watasema nina ule mwingine."

Kwa hasira nikavaa kandambili nikawa natembea naye mwenyewe, nyuma huko kwenye majaruba ya mpunga, tukipita juu ya vijituta vyembamba visivyopitisha pikipiki. Mwanzoni alilalamika njia nzima. Baadaye akawa ananitangulia, ananionyesha ndege na kuniambia majina yao kwa Kindamba. Jasho likawa linamtoka. Mkanda akautoboa tundu jipya. Tuliporudi kupima, mafuta yalikuwa yameshuka, daktari akamsifu mpaka akaona haya. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Ndipo wifi yangu, dada yake, akashuka kutoka kijijini kwao Chita na dumu la mawese, jogoo wawili na mchele mpya. Alimwona kaka yake mlangoni, akatua mzigo, akaangua kilio cha msiba. "Kaka yangu! Umebaki mifupa! Wifi, unamlisha nini kaka yetu?" Akaingia jikoni, akafunua sufuria yangu ya chukuchuku, akaifunika tena polepole, kama mtu aliyeona maiti.

Ndugu wakaitwa, kikao kikakaa sebuleni kwangu. Nikaeleza ya daktari, toka mwanzo hadi mwisho. Wifi akasema babu yao alikula nyama nona miaka yote na akafa na meno yake. Akasema pia kwamba mimi ni mtoto wa mkata miwa wa kule kwenye mashamba ya sukari, watu waliotoka kila upande, tutajulia wapi kumtunza mume? Wakakata shauri aende Chita msimu wote wa mavuno, akarudishwe mwili.

Nikamtazama mume wangu. Nilitaka neno moja tu. Mtu aliyenyamazisha madarasa kwa kukohoa alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. "Nitarudi tu, mama," akasema.

Alirudi, ndiyo, na mashavu. Wifi alimsindikiza kutoka stesheni kwa vigelegele. "Umeona? Huyu ndiye kaka yetu!" Na bodaboda wakapiga honi, mwalimu amerudi, mwalimu amependeza. Nikamwambia kesho twende tukapime. Akasema, wiki ijayo, acha nipumzike safari.

Wiki haikufika. Nilisikia kishindo mlangoni mwa bafu. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Wifi alilia wodini kuliko mtu yeyote, halafu akaniuliza nimempa nini. Wapo waliotikisa kichwa wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Waongo! Sikio lake lilisikia vizuri sana. Mdomo ndio ulioshindwa kuwaambia ndugu zake hapana, na mimi sitawasamehe, wala yeye sijamsamehe, ingawa namwogesha kila siku.

Sasa madaktari wameagiza afanye mazoezi ya kutembea. Jioni namtoa barabarani na fimbo yake, aburute mguu hadi kwenye ua wa jirani na kurudi. Jasho linamtoka kwelikweli. Wifi yuko Chita, anasema shamba limembana. Bodaboda wanapita wakipunguza mwendo. "Shikamoo mwalimu! Jitahidi, mazoezi ni dawa!" Wanakwenda zao.

Jana alichoka katikati ya njia. Aliposikia pikipiki inakuja, akainua mkono wa kushoto, ule mzima, kuisimamisha. Kijana akadhani anasalimiwa. Akampungia, akapiga honi, akapita. Mkono wa mume wangu ukabaki vilevile juu, vumbi limeshatua, mpaka nilipoushusha mimi.