Baridi Iliyomwingia Ndeti

Miaka ilimpitia Ndeti polepole langoni huko Lavington alikokuwa mlinzi, hata akaota mvi. Kwa hofu ya kuachishwa kazi kwa sababu ya uzee, alianza kujidunga homoni ya ukuaji aliyouziwa katika ukumbi wa mazoezi, Westlands. Misuli ilirudi, lakini mwili ukapoa. Alivaa koti zito hata adhuhuri. Na kwa kuwa walinzi huvaa makoti hayo daima, hakuna aliyeshuku.

Asubuhi moja alimtazama bintiye Kamene, asilikumbuke jina lake, akamuuliza anaitwa nani.

“Baba Kamene, umekunywa nini kabla ya chai?” mkewe, Nthenya, alimtania. Kisha akamgusa mkono, akaukuta baridi, na kicheko kikakatika.

Hospitalini, Ndeti aliungama kuhusu sindano zake. Daktari alipima damu, akasema, “Sindano hizo zimeshusha homoni ya tezi yako ya shingoni, ambayo pengine ilikuwa dhaifu tangu zamani. Ziache leo.”

“Akili yangu itarudi?”

“Tutakutibu, kisha tupime tena. Kwa sasa siwezi kukuahidi, mzee.”

Ndeti alimkazia macho mkewe, akiogopa kuusahau uso ule.

Ee Mwenyezi Mungu, umrehemu Ndeti, umhifadhie kumbukumbu zake. Nao Nthenya, Kamene na uzao wao uwafunike kwa baraka zako.