Mgeni wa harusi kutoka mkoani, jitambulishe kabla ya kukaa mkekani: yaliyonikuta Kariakoo kabla ya Uhuru

Wakuu, nawasalimu wote. Walio wadogo kwangu, ambao nadhani ni karibu wote humu, marahaba.

Nimeona uzi wa kijana anayeuliza ajiandae vipi, anakuja Dar kwenye harusi akitokea mkoani. Amejibiwa kuhusu gesti, nauli, sare na kadi ya mchango. Majibu ni mazuri. Lipo moja halijasemwa, na mimi nalijua kwa sababu lilinikuta.

Naandika polepole, kwa kidole kimoja, na shule yangu iliishia darasa la nne. Sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana, naishi Kilosa na mama. Baba alikuwa ameshafariki. Alituacha wawili tu, mimi na dada yangu Zuhura.

Dada hakukulia kwetu. Mama mkubwa alikuja Kilosa akamchukua tangu mdogo, akamlea Dar, Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe. Mume wa mama mkubwa alikuwa Mzee Shomari, fundi cherehani.

Mama mkubwa aliniacha nikiwa wa kubebwa mgongoni. Mzee Shomari hakuwahi kufika Kilosa kabisa. Dada alikuja kwenye msiba wa baba, kwa hiyo katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyeijua sura yangu. Hilo mliweke akilini.

Dada akaposwa na Rajabu, kijana wa kazi za bandarini. Barua ikatufikia: ndoa ni Ijumaa baada ya sala ya alasiri, njoo, wewe ndiye walii.

Kwa wasiojua, sisi Waislamu binti huozeshwa na mwanamume wa upande wa baba yake. Baba akiwa hayupo, na babu hayupo, anasimama ndugu wa kiume, hata kama ni mdogo kuliko bibi harusi, mradi amebaleghe. Mama mkubwa na mumewe walimlea, lakini hilo hawawezi kulifanya. Yaani harusi nzima ilikuwa inanisubiri mimi.

Mama alikuwa anamuuguza bibi, hakuweza kusafiri. Nikapanda treni daraja la tatu, peke yangu, na kaptula ya kaki. Kanzu ya baba niliikunja kwenye bahasha ya kitambaa, niivae wakati wa ndoa ukifika.

Nilikuwa mtu wa haya sana. Hata tikiti niliinunua kwa kunyoosha kidole.

Stesheni ya Dar sikuona wa kunipokea. Nikatembea kwa miguu, nikavuka Mnazi Mmoja, nikaingia Kariakoo.

Nyumba za Kariakoo wakati ule zilikuwa za chini, zinafanana: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Barabara mchanga mtupu. Usidhani utaitambua nyumba kwa kuambiwa ina mlango wa kijani.

Nikauliza kwa Mwarabu wa duka la kona, nyumba ya harusi iko wapi.

"Ipi?" akasema. "Mwezi wa Shaabani huu, kijana. Mtaa huu peke yake leo zipo tatu."

"Ya fundi cherehani."

"Si useme hivyo toka mwanzo! Pale penye turubai."

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: mwulizie mwenyeji kwa kazi yake. Jina lake watu wa mtaa wanaweza wasilijue.

Barazani walikuwa wamekaa wanaume mkekani. Nikatoa salamu, nikampa kila mmoja mkono. Wakasogea, nikapata nafasi, nikaletewa kahawa.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Kwetu mgeni hajitaji. Anapewa maji ya kunawa, anakula, halafu mwenye nyumba anamuuliza habari za atokako. Hapo ndipo unasema umefuata nini. Kujitaja mlangoni ni kama kudai chakula. Basi nikakaa nasubiri kuulizwa.

Sikuulizwa.

Mzee mmoja aliyekuwa kulia kwangu akaniinamia, akasema, "Nyie watu wa upande wa bibi mmejitahidi, kahawa nzuri." Nikatabasamu.

Baadaye akaja kijana mmoja na birika. Alikuwa mpwa wa Mzee Shomari. "Nyie wa kwa kina Rajabu mmekuja wangapi?" Nikasema sijui. Na ni kweli, nilikuwa sijui.

Mpwa huyo ndiye aliyetumwa stesheni asubuhi kunipokea. Alikuwa akimtafuta mtu mzima mwenye kanzu, akarudi akasema hakuna aliyeshuka.

Mji ule kila harusi ina pande mbili, na wengi hawajuani. Wa upande wa bwana wakiona sura ngeni wanasema huyu wa upande wa bibi. Wa upande wa bibi wanasema huyu wa upande wa bwana. Unaweza kukaa katikati yao mpaka jioni, kila mtu anakuheshimu na hakuna anayekujua.

Tukaenda kusali Ijumaa, tukarudi, nikakaa palepale. Kahawa ilikuwa chungu na tumboni sikuwa na kitu tangu Morogoro. Halua ilipita mara moja, nikachukua kipande kidogo kwa sababu wengine walichukua kidogo.

Alasiri ikasaliwa. Shekhe akaja, Rajabu akaja amevaa vizuri, wakakaa.

"Walii yuko wapi?" shekhe akauliza.

"Mzee wa Kilosa bado hajafika," akadakia mtu mmoja kabla Mzee Shomari hajajibu.

Mtanishangaa kwa nini sikusema hapo hapo. Niliposikia "mzee wa Kilosa" nilijua wamemwita mtu mwingine. Baba alikuwa na binamu yake, mtu mzima, anakaa Kimamba. Nikadhani wameona mimi mdogo, wamemwita yeye. Moyo ukatulia, na hapohapo ukaniuma kidogo. Nikaendelea kunywa kahawa.

Kumbe hakuna aliyeitwa. Mzee Shomari alisema tu walii anatoka Kilosa, na kila aliyelipeleka neno kwa mwenzake aliongeza umri.

Wakasubiri. Vicheko vikaanza. Ami yake Rajabu, bwana mmoja mnene aliyevaa koti jeusi juu ya kanzu, akasema, "Watu wa bara saa yao ni filimbi ya treni. Isipolia hawaamki." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa adabu.

Shekhe akasema ana ndoa nyingine Ilala na jua linakwenda. Hiyo ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Isipofungwa leo, mpaka Mfungo Mosi, Ramadhani iishe. Na masufuria ya pilau yalikuwa yameshaepuliwa, harufu inakuja mpaka barazani.

Ami akasema, "Basi shekhe, mwozeshe wewe. Isemwe tu binti hana mtu upande wa baba. Si kosa lake."

Mwingine nyuma yake akaongeza, "Na huyo baba mwenyewe, nani hapa aliwahi kumwona?"

Hapo hakucheka mtu. Mzee Shomari aliangalia mkeka. Kweli hakuwahi kumwona.

Neno kama lile likitoka barazani halirudi. Dada angeolewa siku ile, lakini angeishi mtaa ule maisha yake yote kama mtoto asiye na baba.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama.

"Mimi nilimwona," nikasema. "Ni baba yangu."

Mpwa wa Mzee Shomari akashusha birika. "Wewe si wa kwa kina Rajabu?"

Yule mzee wa kulia kwangu naye akasema, "Si wa kwenu huyu?"

"Mimi ni ndugu yake Zuhura, baba mmoja mama mmoja. Nimetoka Kilosa."

"Mzee wa Kilosa ndiye wewe?" ami akauliza. Akanitazama kaptula. "Umekaa hapa toka asubuhi unakunywa kahawa, na sisi tunakusubiri wewe?"

"Sikuulizwa," nikasema.

Baraza zima likacheka, isipokuwa ami. Akasema kijana yeyote anaweza kusimama akasema hivyo, tutajuaje? Sikumlaumu. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Shekhe akakata maneno. Akasema walii lazima aende na mashahidi wawili kumwomba bibi harusi idhini. "Aende. Kama ni wake atajulikana huko huko."

Mzee Shomari akanivuta chumbani kwake penye cherehani, nikavaa kanzu ya baba. Ikaburuza chini. Mzee mzima akapiga magoti, akaikunja pindo kwa pini, haraka haraka, pini nyingine kazishika mdomoni. Alipomaliza akasema tu, "Alikuwa mrefu."

"Ndiyo, mzee."

Tukaenda mpaka mlango wa chumba cha bibi harusi, mimi na mashahidi wawili. Ami akatufuata nyuma. Pazia limeshushwa. Somo yake, yule mama aliyemfunda, akatuonya kwamba mwari leo hasemi. Akiulizwa idhini akanyamaza, ndiyo amekubali.

Nilikuwa nimefundishwa maneno ya kuomba idhini. Yote yakapotea. Nikasema lililonijia.

"Shikamoo dada."

Wanawake ukumbini wakasogea karibu wasikie.

Halafu nyuma ya pazia ikatoka sauti.

"Marahaba. Wewe, umekula?"

"We mwari, nyamaza!" somo akamkemea, lakini alikuwa amechelewa. Wanawake walishapiga vigelegele. Mama mkubwa alitokea uani na mwiko mkononi, akanishika uso, akaanza kulia na kunigombeza kwa pamoja.

Ami akageuka kurudi barazani. Nilimsikia akiwaambia wenzake, "Ni ndugu yake. Nani mwingine anaulizwa hivyo?"

Maneno ya idhini yakanirudia, nikamwomba, naye safari hii akanyamaza kama inavyotakiwa. Nikatoka, nikashikana mkono na Rajabu, nikayafuata maneno ya shekhe. Aliniambia nirudie kwa sauti, watu wa nyuma hawasikii. Nikarudia. Ndoa ikafungwa, shekhe akawahi Ilala.

Pilau ilipokuja, sinia moja watu wanne, ami aliniita kwenye sinia lake. Nyama zote akazisukuma upande wangu. "Kula, mzee wa Kilosa." Jina hilo likaniganda. Mpaka anafariki hakuniita lingine.

Sasa kijana uliyeuliza. Gesti utapata, usafiri utapata. Ila ukifika nyumba ya harusi usisubiri kuulizwa kama kwenu. Kabla hujakaa, mtafute mwenye shughuli, umwambie wewe ni nani kwa bibi harusi au kwa bwana harusi. Usiishie kutaja jina, taja undugu. Halafu ndiyo unywe kahawa. Na kama una haya kama mimi, sema hata kwa sauti ndogo, lakini useme mapema.

Wenzangu mliowahi kukaa harusini kila upande ukidhani ni wa upande wa pili, leteni yenu hapa, nitasoma yote hata kama kujibu nitachelewa.

Rajabu ametangulia mbele ya haki. Dada Zuhura yupo, kwa mjukuu wake Mbagala, macho hayaoni vizuri. Nikimpigia simu nasema shikamoo dada. Anaitikia, na kabla hajauliza habari ya mtu mwingine yeyote anauliza kama nimekula.